Ngozi Isiyo na Tundu

Kuna picha yangu kwenye kioo cha duka moja katikati ya jiji, na nataka niseme mapema kwamba maneno yaliyoandikwa chini yake ni uongo mtupu. Picha yenyewe ni kubwa kunishinda. Nimevaa jaketi la kahawia lenye mifuko mpaka mgongoni, nimepakwa matope mashavuni, nimeshika kisu kipya na ninatazama mbali kana kwamba kuna mnyama ananisubiri ng'ambo ya barabara. Ng'ambo ya barabara kuna benki. Chini ya picha wameandika kwa Kiingereza kwamba mimi ni mwindaji wa mwisho wa kabila langu.

Sijawahi kuwinda kitu. Nchi hii ilikataza uwindaji kabla mimi sijazaliwa, na mtu akipatikana na paja la swala kwenye gunia anaenda ndani, si mzaha. Baba yangu alikuwa mpishi wa shule ya bweni kule Kitui, na mnyama pekee aliyewahi kumvizia ni panya wa stoo ya mahindi. Mimi ni mchunaji. Nachuna mbuzi na kondoo katika kichinjio kimoja cha Dagoretti, na mwaka huu natimiza miaka ishirini na miwili kwenye kulabu ile ile, ya tatu kutoka mlangoni.

Watu hudhani kuchuna ni kazi ya kisu. Hata waliokuja kunitafuta walidhani hivyo, na hapo ndipo matatizo yote yalipoanzia. Kisu kinafungua tu. Unakata kuzunguka miguu, unashuka kwa ndani ya mapaja, unapasua mstari mmoja tumboni kwa ncha, halafu kisu unakirudisha kwenye ala kiunoni. Kuanzia hapo ni kazi ya ngumi. Unaingiza ngumi kati ya ngozi na nyama, unasukuma kwa vifundo vya vidole, na ngozi inaachia polepole kama sweta ya mtoto anayevuliwa akiwa usingizini. Ukiona mtu anachuna kwa kisu mwanzo mpaka mwisho, jua hakuna aliyemfundisha. Kisu hakina macho, mapema au baadaye kitatoboa, na ngozi iliyotobolewa mnunuzi anaitupa kando.

Pale kwetu kuna mzee aliyenifundisha kazi. Kila asubuhi, kabla ngozi hazijakunjwa, huzipitia moja moja. Anaishika ngozi kwa pembe mbili, anaiinua kwenye mlango wa mashariki jua linapoingilia, anaangalia. Ikionekana nukta ya mwanga, hata ndogo kama punje ya mtama, haulizi wala hagombi. Anaangalia ngozi ilitoka kulabu gani, na mwenye kulabu anavua aproni na kwenda kuosha matumbo wiki nzima. Mimi nilienda matumbo mara tatu, zote mwaka wa kwanza. Tangu hapo, mpaka habari hii ya picha, sikuwahi kurudi, na kila mtu pale ndani alijua hivyo, pamoja na wanunuzi wa ngozi.

Kazi hiyo imeniachia mikono ambayo si ya kupendeza. Vifundo vya mkono wa kulia vimekuwa vyeusi na vigumu kwa sugu, na wa kushoto haujaachwa nyuma. Mtu asiyenijua akinipa mkono hushtuka, halafu hujifanya hakushtuka. Binti yangu, ambaye sasa yuko kidato cha tatu, hakujifanya. Siku ya wazazi, mwaka wake wa kwanza pale shuleni, tukiwa bado getini, aliniomba niweke mikono mfukoni. Nikaweka. Ikawa ndiyo desturi yetu: nikitembea naye, mikono mfukoni. Na kwenye fomu ya shule, mahali pa kazi ya mzazi, aliandika biashara. Niliiona ile fomu mezani, nikatia sahihi yangu. Iliniuma sana.

Ajabu ni kwamba yeye ndiye aliyenirekodi. Jirani yetu alikuwa na sherehe ya mahari Mutuini, akaniomba niwachunie mbuzi wawili. Pale sikuwa mtu wa kichinjio. Nilikuwa fundi wa sherehe, nimevaa shati safi, wazee wananisifu, akina mama wanapiga vigelegele ngozi ikitoka nzima. Binti akatoa simu. Alirekodi kuanzia ngumi inapoingia mpaka pale nilipoinua ngozi juani, akaweka muziki, akaitupa video huko mitandaoni. Ilitazamwa na watu wengi kuliko tulivyotarajia. Baada ya majuma mawili nikapigiwa simu na dada mmoja mwenye sauti ya upole, kutoka kampuni ya matangazo mjini, akisema kuna kampuni ya ng'ambo inataka niwe balozi wa vifaa vyake.

Nilikwenda nimejiandaa. Niliambiwa ni mambo ya visu, basi nikafunga kisu changu ndani ya gazeti, kile nilichokinoa miaka mingi mpaka kimebaki chembamba kama kidole cha mwisho, nikaenda nacho. Askari wa mlangoni, kwenye ghorofa zao, akafungua gazeti.

"Mzee, hii ni nini?"

"Kisu."

"Naona ni kisu. Unaenda nayo wapi?"

"Ghorofa ya saba. Wameniita juu ya visu."

"Zii, mzee. Hii inabaki hapa kwa desk. Utachukua ukitoka."

Kwa hiyo nilipanda lifti kwenda kuwa balozi wa visu bila kisu. Ningekuwa na akili timamu ningegeuka pale pale.

Yule dada alinipokea kama mjomba wake wa damu. Chai ikaja, biskuti zikaja. Akaniambia kampuni hiyo inatengeneza vifaa vya uwindaji, yaani visu, buti, jaketi, darubini, na kwamba sasa inaingia Kenya na inataka uso wa mtu wa kweli.

"Lakini dada," nikamwambia, "uwindaji si umekatazwa huku?"

"Ni outdoor, uncle. Ni watu wa camping, watu wa hiking. Hunting ni jina tu."

Nilimwamini, na sababu yake naijua. Katika miaka yangu yote ya kazi hakuna aliyewahi kunikalisha kwenye kiti akaniuliza ninavyofanya ninachofanya. Yeye aliniuliza. Kisu kinanolewa vipi? Kidole gumba kinakaa wapi? Kwa nini mbuzi mzee ni mgumu kuliko kondoo? Niliongea saa nzima, naye anaandika kwenye daftari, na nilijisikia mtu mkubwa. Katika yote niliyosema siku ile hawakutumia hata neno moja. Lakini hilo nililijua baadaye, na wakati huo nilikuwa nimeshatia sahihi mkataba wa kurasa kumi na kitu, za Kiingereza kile cha mawakili ambacho mtu anakisoma mstari mmoja na kusahau ulianzaje.

Kisha wakanipa jaketi. Lilikuwa na mabaka ya kijani na kahawia, kama majani.

"Dada, hii siwezi vaa."

"Why? Ni print tu."

"Hii print ni ya jeshi. Nikitoka nayo hapa sifiki nyumbani Riruta."

Wenzake walicheka. Mmoja akaangalia kwenye simu yake, akaacha kucheka, akawaonyesha wengine. Jaketi likarudishwa kwenye boksi haraka, wakaniletea la kahawia. Nilipaswa kujiuliza ni watu gani hawa wanaotaka kuuza nguo katika nchi bila kuuliza ni nguo zipi zinamfanya mtu alale seli. Sikujiuliza. Nilichukua jaketi, nikachukua buti, nikachukua boksi la visu, na pale chini nikachukua kisu changu kwa askari.

Nyumbani Riruta mke wangu, ambaye ni mtu wa Kakamega na hana haraka ya kumsifu mtu, alitoka jikoni akalifungua boksi.

"Umesaini nini?"

"Ubalozi."

"Na umesoma?"

"Nimesoma kidogo."

"Kidogo," akasema, akarudi jikoni.

Binti, kwa upande wake, alilivaa lile jaketi kabla sijakaa. Hakulivua jioni ile yote.

Siku ya kupiga picha walichagua Mutuini, shamba dogo la mtu nyuma ya nyumba mpya za kupangisha. Walitaka pori. Mutuini hakuna pori, kuna nepia, nyasi ndefu za kulishia ng'ombe, nao wakaniingiza katikati ya nepia nichungulie. Walikuwa wamenunua mbuzi wa rangi ya kahawia, wakasema mtu akimwangalia haraka anaweza kudhani ni swala. Mpiga picha akachukua matope akaanza kunipaka mashavuni.

"Hii ni ya nini?"

"Ndio wanyama wasikuone, mzee."

"Wanyama gani? Mbuzi mmemfunga hapo, ananiona tangu asubuhi."

Nikavumilia. Nilijiambia matope yanaoshwa, na kazi ikianza wataona mambo. Nikamchinja mbuzi vizuri, nikamtundika, nikasubiri atulie kabisa, kisha nikafungua kwa kisu chao. Kilikuwa kizito sana, lakini kilikuwa kikali, hilo nitawapa. Miguu, mapaja, mstari wa tumboni. Nikakirudisha kiunoni, nikakunja ngumi, nikaingia kazini. Sikuwa nimefika hata mbavuni mpiga picha akapiga kelele.

"Cut! Knife iko wapi?"

"Iko kwa kiuno."

"Toa basi! Tunauza knife, mzee. Hatuuzi ngumi."

"Kisu kimemaliza kazi yake."

"Tumia tu dakika moja. Kata kata hapo kwa mgongo, tushike shot."

Nikamwambia nikikata mgongoni nitatoboa ngozi. Akasema si neno, ngozi haionekani. Nikamwambia mimi naiona. Yule dada akanivuta kando, akaniomba kwa upole wake ule ule, uncle please, ni ya camera tu, na nikamjibu kwamba mkono wangu haujui camera, unajua ngozi. Mtu anayetoboa kwa kujifanya leo atatoboa kwa kweli kesho, ndivyo nilivyofundishwa. Nilikataa mara tatu. Walisimama wanaangalia saa, nami nikamaliza kwa ngumi kama inavyotakiwa, nikaishika ngozi kwa pembe mbili, nikaiinua juani ili waone. Hakuna aliyerekodi. Walikuwa wanakunja nyaya.

"Iko sawa, mzee," mpiga picha akasema. "Hiyo ingine tutamalizia studio."

Sikuuliza ni nini kitakachomaliziwa studio. Malipo nililipwa, sitadanganya, na nyama walikula wao. Ngozi nikaichukua mimi, kwa sababu kwenye kazi za nje ya kichinjio ngozi ni ya mchunaji. Nikaitia chumvi na kuitandaza kwenye mbao nyuma ya nyumba, na majirani wa ploti wakalalamika harufu siku tatu mfululizo.

Tangazo lilitoka baada ya mwezi. Binti ndiye aliyelileta, anakimbia, simu mkononi. Lilianza na uso wangu ndani ya nepia. Sauti nzito ya mwanamume, Kiingereza cha kutoka puani, ikasema nimefuata nyayo za wanyama tangu utotoni, kwamba babu yangu alinirithisha siri za porini. Kisha mkono. Mkono umeshika kile kisu kizito, unakata ngozi ya mgongoni kama mtu anayekata mkate, haraka haraka, na kisu kikapita upande wa pili. Niliona tundu kwa macho yangu. Mkono haukusimama, uliendelea kukata. Halafu wakarudisha uso wangu, nimeridhika.

"Huyo si mimi," nikasema.

"Ni wewe, baba. Uso si ni wako?"

"Mkono huo si wangu."

"Ni editing tu," akasema, na macho yake hayakuondoka kwenye simu. Alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona kwake muda mrefu. Shuleni walishaliona. Marafiki zake walikuwa wanamuuliza kama ni kweli baba yake anawinda, naye, nilikuja kujua, alikuwa anawajibu kwamba ni kweli. Tazama basi. Miaka yote hiyo nimemsomesha kwa mikono hii akawaambia watu nafanya biashara. Nilipopakwa matope na kusemewa uongo, ndipo nikawa baba wa kutajwa. Niliikasirikia ile kampuni, nikamkasirikia na mtoto, nikaenda kulala mapema ili nisiseme neno ambalo ningelijutia.

Kichinjioni mambo yalikuwa mabaya zaidi. Nilipoingia asubuhi wenzangu walianza kuniita kutoka mbali. "Balozi! Leo umeangusha ndovu wangapi?" Mkaguzi wa nyama alikuja kulabu ya tatu akaangalia kila mguu wa mbuzi wangu mara mbili, kana kwamba nimemficha swala katikati yao. Haya yote ningeyabeba, maana watu wa pale wakikutania ni wenzako. Lakini yule mzee aliyenifundisha hakunitania. Alikuja akasimama mbele yangu, akanyoosha mkono.

"Leta aproni."

"Mzee, wewe unanijua."

"Nakujua. Lakini nimeona uso wako, na nimeona tundu."

"Si mkono wangu ule. Walitafuta mtu mwingine. Ngozi niliyochuna mimi iko nyumbani."

"Basi ilete," akasema, na mkono wake bado umenyooshwa.

Nikavua aproni. Siku nzima nikaosha matumbo, mtu wa umri wangu, pembeni ya vijana ambao hawajamaliza hata mwaka mmoja wa kazi, wakinionea haya wao wenyewe. Nilikuwa natunga maneno ya kumwambia yule dada, mengine siwezi kuyaandika hapa.

Kesho yake nilikwenda na ngozi begani. Ilikuwa imekauka, imekakamaa kama bati, ikabidi niiingize mlangoni kwa ubavu. Kazi ikasimama. Mzee akaishika pembe mbili, akaiinua kwenye mlango wa mashariki. Jua la asubuhi lilikuwa limefika, ngozi ikawaka rangi ya asali yote nzima. Aliangalia shingo, akaangalia makwapa, ambako ngozi ni nyembamba na ndiko wengi hutoboa. Aliangalia muda mrefu kuliko anavyoangalia ngozi yoyote.

"Ni safi," akasema.

Nikanyoosha mkono kuchukua aproni. Hakunipa.

"Mimi nimeona hii. Wanunuzi wa ngozi hawajaona. Wao wameona ile ya simu, na jana wawili wameniuliza kama siku hizi ndio tunachuna hivyo. Kawaambie watoe uso wako kwa hiyo kitu. Ukitoa, unarudi kwa kulabu."

Nilitaka kumpinga. Nilitafuta mahali alipokosea sikupata, na hilo likanikasirisha zaidi, kwa sababu ningependa sana hasira yangu yote iende ghorofa ya saba isigawanyike.

Jumamosi mke wangu aliamua. "Utaenda na mtoto. Yeye ndiye anajua Kizungu cha hiyo karatasi." Binti hakutaka. Akaja hata hivyo, amevaa jaketi la kahawia, uso umenuna njia nzima. Nilikuwa nimebeba boksi la visu na buti za kurudisha, na askari wa mlangoni alipofungua boksi akaona visu vipya saba vyenye nembo, akaturuhusu tupande navyo.

Niseme tu yaliyotokea mwishoni ili mtu asikae roho juu: wiki iliyofuata ile video iliondolewa mitandaoni, bila barua wala simu, nami nikarudi kwenye kulabu ya tatu. Picha ya dukani haikuondolewa, wanasema duka limeilipia. Lakini nikikumbuka Jumamosi ile sikumbuki sana hayo.

Yule dada alitupokea kwa chai tena. Nikaweka boksi mezani, nikaketi, nikamweleza. Nilijitahidi kuongea taratibu. Nikamwambia kwamba mmenipa babu ambaye sikuwa naye, sawa, babu zangu wamekufa, hawatalalamika. Mmenipa kazi ambayo ni kosa la jinai. Lakini tundu mlilonipa ndilo linaniondoa kazini, kwa hiyo toeni tundu, au toeni uso wangu.

"Uncle, nakuelewa kabisa. Lakini tuko na contract."

Binti akapewa mkataba. Akausoma, kidole kikitembea, kisha akatusomea kifungu kimoja kwa sauti na kunieleza kwa Kiswahili, kwamba kampuni inaweza kubadilisha, kuunganisha na kuongeza picha na sauti kwa namna yoyote inayopenda.

"Unaona?" dada akasema, bila ubaya. "Na honestly, hakuna mtu anaweza notice. Wacha niwaonyeshe, kwa screen kubwa iko poa sana."

Akawasha ile televisheni ya ukutani. Nepia, matope, babu. Kisha mkono ukatokea, mkubwa kama mlango. Kwenye simu ulikuwa mkono tu. Pale ukutani ulikuwa mkono wa mtu fulani: mwororo, kucha zimekatwa duara, alama nyeupe ya pete kwenye kidole. Binti aliacha kununa. Akasogea mbele kwenye kiti.

"Rudisha kidogo," akasema. "Simamisha hapo."

Dada akasimamisha.

"Hiyo mkono ni ya nani?"

"Ni ya model tu, sweetie. Ni kitu ya kawaida. Hata zile adverts za sabuni ni hivyo."

"Na mbona hamkutumia yake? Si alikuwa hapo?"

Dada alisita. Alinitazama, akaitazama meza. Nadhani alikuwa mtu mzuri, na nadhani alitafuta jibu lingine.

"Tulijaribu. Tulikuwa na shots zake. Lakini zilikuwa... client aliona hazikai poa kwa camera. Unajua vile mikono yake iko."

Nilimtazama binti yangu nikaona ameinamisha kichwa, kama alivyokuwa akifanya tangu mdogo akishikwa na kosa. Hakuwa anamtazama dada. Alikuwa anatazama mifuko ya koti langu. Ndipo nilipogundua kwamba tangu nimalize kuongea nilikuwa nimeirudisha mikono mfukoni, kwa sababu nilikuwa naye, na nikiwa naye ndivyo nilivyozoea.

Akanishika kifundo cha mkono wa kulia, akautoa mfukoni, akauweka juu ya meza, juu ya mkataba, vifundo juu. Hakuuachia.

"Huyu ni baba yangu," akasema. "Hawindi. Anachuna mbuzi Dagoretti, na mkono yake ni hii. Hiyo ingine toeni."

Dada akazima televisheni. Binti akavua jaketi, akalilaza juu ya boksi la visu, akanigeukia.

"Toa na hiyo ya kushoto, baba," akaniambia.

Nikautoa.